Vyumba Vinne vya Karani

Mwaka ule tulikula michembe asubuhi, tukala michembe mchana, jioni tukanywa maji yaliyochemshiwa michembe. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa juu ya jiwe mpaka vigongane kama kokoto. Ukivichemsha kwanza ndipo ukavianika, hayo ni matobolwa, na matobolwa ni chakula cha wenye bahati. Mahindi ya kijijini kwetu Didia yalikauka yakiwa kimo cha goti. Ng'ombe wetu wawili waliobaki walisimama kwa kuegemeana. Nikafunga sufuria zangu kwenye kiroba, nikamchukua Shija, kitindamimba wangu aliyewafuata mapacha Kulwa na Doto, tukaenda Segese kwenye dhahabu. Yeye achimbe, mimi niwapikie wachimbaji.

Chumba tulichopanga kilitazamana na chumba cha Karani. Ndivyo nilivyomjua.

Alikozaliwa sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia alikozaliwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anavaa shati la kiume na mabuti ya mvua hata kiangazi. Mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu mbili. Moja haiandiki. Hiyo ndiyo aliyowaazima watu. Mtu akimrudishia, akisema Karani kalamu yako mbovu, alijibu kwamba ndiyo maana imerudi.

Tulimwita Karani kwa sababu alipokuwa kijana aliwafanyia kazi wazungu watafiti wa miamba, kule porini Geita. Wao walivunja mawe, yeye aliandika namba za mawe kwenye kompyuta ya kubeba. Walipoondoka, mkubwa wao akamwachia kompyuta ile. Msidhani ni hizi za sasa zinazofunuliwa kama kitabu. Ilikuwa bapa, nzito, ukubwa wa Biblia ya kanisani iliyolazwa. Kioo chake kilikuwa chembamba, kinaonyesha mistari minane tu, na hakikuwa na taa. Ukitaka kusoma unakaa nje na kukigeuzageuza ili kipate mwanga, kama mwanamke anayejitazama kwenye kioo kilichovunjika. Ilitumia betri nne ndogo, hizi za rimoti.

Vijana walimcheka. Walikuwa na simu zinazoimba, na yeye bibi mzima amepakata chombo cha kijivu. Aliwaambia simu ikiibiwa umeibiwa wewe, mama yako na namba yake, lakini hiki changu mwizi hajui hata kinawashiwa wapi.

Sasa niseme kazi yake ilikuwa nini, maana ndiyo shina la habari hii.

Machimboni hakuna anayetumia jina lake. Mtu anafika leo, kesho ni Kombora, ni Chuma, ni Tipa. Wengine wamekimbia kesi, wengine wamekimbia wake, wengi wanaona tu jina la nyumbani halifai kushuka nalo shimoni. Halafu duara, yaani shimo la dhahabu, linaporomoka, wanatoa maiti, wanauliza huyu ni nani, wanajibiwa ni Tipa. Tipa wa wapi? Hakuna anayejua. Anazikwa palepale na jina la utani, na mama yake huko aliko anaendelea kumwekea chakula.

Karani hakuipenda hali hiyo. Kila mchimbaji mgeni alimwita, akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwuliza jina la kweli, la baba, la kijiji, na maneno gani angependa yafike nyumbani kama hatapanda tena kutoka shimoni. Kwanza alinawa mikono kwa majivu, ndipo akagusa vitufe. Hakuchukua kitu. Ukimpelekea muhogo aliupokea, usipompelekea alikununia, lakini aliandika.

Nakumbuka kijana mmoja mnene alikaa kwenye ile ndoo akasema anaitwa Kombora.

"Mama yako alipokuwa anasukuma kwa uchungu, mkunga alimwambia amezaliwa Kombora?" Karani akamwuliza.

Kijana akainama, akataja jina lake kwa sauti ndogo kama mtoto wa shule. Nilikuwa namenya vitunguu pembeni, nikaona macho yake yamelowa. Huenda hakulitamka kwa miaka.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Karani alikuwa mmbeya kuliko wanawake wote wa Segese. Nani amelala kwa nani, nani ameuza bati za mkwewe, alijua na alitangaza, na alituigizia sauti zao mpaka tukashika mbavu. Lakini alichoandikishwa kwenye mashine hakikutoka. Mke wa mtu alikuja kutoka Kahama akilia, anataka kujua mumewe ameandikisha nini, kama ana mwanamke mwingine. Mwenye duara mmoja alikuja na gari, anataka orodha ya majina ya kweli ya watu wake. Hata padri alimwuliza mbona haji kuungama, akamjibu kwamba ataungama vipi na dhambi nyingine alizobeba ni za watu. Wote aliwapa jibu moja, bila kupandisha sauti:

"Cha mtu sikitoi mpaka mwenyewe anitume."

Mke wa mtu aliondoka akimtukana. Mwenye duara alipiga teke ile ndoo ikaviringika mpaka jikoni kwangu. Karani aliifuata, akairudisha, akaifuta vumbi.

Ukimtuma, alifika. Alipofukiwa yule waliyemwita Chuma, Karani alifungua mashine, akapata jina, akapata kijiji, akapiga simu kwa mwenyekiti wa huko kwao kwa simu yangu mimi. Mama yake Chuma alikuja, safari ya siku mbili. Karani akamsomea pale nje, sote tukisikia, maana marehemu alisema mama yangu asomewe mbele ya watu. Yalikuwa maneno madogo. Alisema mlango wa jikoni waubandike bati chini, masika maji yataingia kwenye unga. Alisema ile shuka ya bluu apewe dada. Basi. Yule mama akaomba asomewe tena. Akasomewa. Akaomba tena. Alipoondoka alikuwa anatembea wima.

Nilimhurumia siku ile. Baadaye nilikuja kumwonea wivu, na mpaka leo ninao.

Mashine ilijaa. Mimi sikujua kama kompyuta inajaa kama kapu. Karani alinieleza kwamba ina vyumba vinne vya kutunzia maneno, yule mzungu aliviongeza mwenyewe, ila mlango unaofunguka ni wa chumba kimoja tu. Vile vitatu vipo ndani, vitupu, na hakuna njia ya kuvifikia. Kumwingiza mtu mpya lazima afutwe wa zamani.

Nikamwambia afute waliokwisha kuhama. Akanitazama kama nimemtemea mate. Miezi miwili aliwaambia wageni wasubiri, na alikuwa hali vizuri. Akamwandikia barua yule mzungu, ambaye kumbe alikuwa mzee yuko kwao bado hai. Ikaja bahasha. Ndani karatasi kumi na moja, zimejaa tarakimu na herufi, hakuna neno hata moja la kusomeka. Karani akasema hiyo ni programu. Ikiingia yote kwenye mashine bila kosa, itafungua milango.

Macho yake yalikuwa yamechoka, hakuweza kutazama karatasi na vitufe kwa pamoja. Akaniomba nisome.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Baba alinitoa nikachunge. Lakini tarakimu nazisoma, tena vizuri, na ninaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, mwenye kucheka acheke. Kila alasiri nikishaosha vyombo nilikaa kwenye ile ndoo nikasoma, mbili, saba, sifuri, C, yeye anagonga. Majuma matatu. Siku ya mwisho akabonyeza, mashine ikaganda. Nilikuwa nimesoma tisa mahali pa sita. Karani hakunisema. Alibonyeza kitufe cha nyuma, akatazama kama majina bado yamo, yakawemo, akapumua, akasema tuanze karatasi ya kwanza.

Mara ya pili ilikubali. Pembeni mwa kioo zikatokea namba moja mpaka nne. Akagusa mbili. Chumba cha pili kikafunguka, hakina kitu, kweupe. Alikitazama mpaka jua likahama nikamgeuzia mashine.

"Mama Kulwa," akasema, "sasa wana pa kulala."

Programu ile kazi yake ilikuwa hiyo tu, kufungua chumba kingine bila kukifunga ulichomo, na kumhamisha mtu na maneno yake yote kutoka huku kwenda kule bila kudondosha herufi. Chumba cha kwanza aliwaweka walioko machimboni. Cha pili waliohama. Cha nne marehemu. Cha tatu aliwaweka ambao maneno yao hawajayamaliza. Nilijivuna sana. Niliwaambia wateja wangu kwamba wanakula ugali wa mwanamke aliyefungua kompyuta.

Shija, aliyekuwa akiahirisha tangu tufike, aliandikisha akiwa na haraka. Mimi nilikuwa mtoni kufua. Niliporudi nilimkuta anainuka kwenye ndoo, anacheka, akanipokea beseni. Nikamwuliza ameacha maneno gani. Akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "bado hayajaisha. Nitakuja kuyamalizia." Kesho yake akashuka duarani, na keshokutwa yake walimtoa.

Sitaandika walivyomtoa.

Tulimzika Didia, karibu na baba yake. Binti yake Kabula alikuwa hajaota meno. Matanga yalipoisha nilirudi Segese, sikupitia hata chumbani kwangu. Nilisimama mbele ya Karani, nikamwambia nisomee.

Akaanza kulia. Hilo niliseme, asije mtu akafikiri alikuwa jiwe. Alilia mpaka akavua miwani. Akasema Shija aliongea mengi, akafika mahali akasimama, akasema nitamalizia, usimpe mtu kwanza. Yuko chumba cha tatu. Nikamwambia mimi si mtu, mimi ni mama yake. Akajifuta kwa mkono wa shati, akanijibu lilelile jibu alilompa mwenye duara.

Nilimchukia. Tulikaa tumetazamana mlango kwa mlango mwaka mzima nikimpa salamu kama ninamtupia takataka. Lakini ugonjwa ulipomshika sikuweza kumwacha. Ilikuwa malaria, ilimpanda kichwani, akawa anataja namba za mawe ya Geita. Wakampeleka kituo cha afya, akalazwa. Akaniachia ufunguo wa chumba chake.

Siku ya pili asubuhi niliingia kufagia. Mashine ilikuwa juu ya kitanda, imefunikwa kitenge. Nisijifanye. Sikuingia kufagia. Nilijua inawashiwa wapi, nilijua kitufe cha vyumba, maana programu ile niliisoma mimi, herufi kwa herufi, mara mbili. Nikatoka nayo nje, nikawasha. Kioo kikaonyesha maandishi hafifu kama moshi. Nikagusa tatu. Nikaona majina. Nikaona la Shija, jina la baba yake, Didia. Chini yake ukaanza mstari, "Mayu, usi", halafu kioo kikafifia kabisa, sikuona tena kitu.

Betri zimechoka, nikasema. Na betri ikichoka kila mtu anajua la kufanya. Redio ikikohoa, tochi ikiwa njano, unatoa betri unazianika. Jua linazirudishia nguvu kidogo, za kumalizia taarifa ya habari. Mama yangu alifanya hivyo, nami nimefanya maisha yangu yote. Duka lilikuwa hatua chache, ningeweza kununua mpya. Lakini mwenye duka angeuliza za nini, na mimi nilikuwa mwizi. Nikazitoa zote nne. Siku hiyo nilikuwa nimeanika michembe kwenye jiwe nyuma ya jiko. Nikazipanga pembeni ya michembe, vichwa vyote upande mmoja, nikaenda kupika.

Saa tisa nilizirudisha, bado za moto. Nikawasha. Kioo kikawaka vizuri, cheusi juu ya kijivu, kizuri kuliko nilivyowahi kukiona. Hakukuwa na namba pembeni. Hakukuwa na chumba cha tatu, wala cha pili, wala cha kwanza. Ilikuwa kama imetoka kiwandani.

Kabula sasa yuko chuoni Mwanza anasomea kompyuta, mjukuu wangu, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa kitambulisho cha chuo shingoni, na picha yake nimeitundika mahali mgeni hawezi kuikwepa. Yeye ndiye aliyenieleza. Mashine za zamani zile zilishika maneno kwa umeme tu. Ndani mna betri ndogo ya akiba ya kuyashikilia betri kubwa zikitolewa, na hiyo ya akiba ilikuwa imekufa zamani. Ndiyo maana Karani kila alipobadilisha betri alichomeka kwanza waya kutoka kwenye betri ya sola. Ule waya niliuona mara nyingi. Ulikuwa unaning'inia msumarini pale pale juu ya kichwa changu nilipoichukua mashine. Nilidhani ni wa kuchajia, kama wa simu.

Karani alirudi siku ya tano, anapepesuka. Nilimwambia mwenyewe kabla hajavua mabuti. Nilimwambia yote, na kwamba nilitaka kusoma. Akaketi. Akauliza niliziweka wapi. Nikampeleka nyuma ya jiko, nikamwonyesha jiwe. Michembe bado ilikuwa pale. Aliitazama.

"Mama Kulwa, umeanika watu."

Hakuniambia neno jingine la lawama, siku ile wala baada yake. Angenitukana ningepona.

Zile karatasi kumi na moja alizihifadhi chini ya godoro, mchwa walishazila, zimebaki pindo. Mzungu alikuwa ameshakufa. Kikabaki chumba kimoja. Akaanza upya. Alienda duara kwa duara na mabuti yake, akiwauliza walio hai majina yao tena. Waliohama na waliokufa aliwaandika kutoka kichwani, na kichwa kile kilikuwa kinatisha, alimkumbuka mtu na kijiji na kilema cha kidole. Nilimfuata nyuma nimebeba ndoo. Hakunikataza. Lakini chumba kimoja kilijaa upesi, na nilimwona mara ya kwanza akikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta, anakitoa, anakirudisha. Siku hiyo alizima, akafunga mashine kwenye kitenge, hakuiwasha tena. Akaendelea kwa daftari.

Miaka imepita. Macho yalipomwisha, mpwa wake alimchukua akaishi naye Shinyanga mjini, karibu na reli. Mwezi uliopita nilipanda basi nikaenda kumwona. Nilimpelekea matobolwa, safari hii ni matobolwa, mwaka wa neema. Nilimkuta amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati lake, mfukoni kalamu mbili. Bajaji zinapita zinapiga kelele, yeye amegeuza uso kwenye joto la jua kama alivyokuwa akiigeuza mashine.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akasema Mama Kulwa, unanukia moshi uleule. Tukaongea. Alimsengenya mke wa mpwa wake mpaka nikacheka. Akauliza habari za Kabula. Nikamwambia yuko chuoni, anajifunza kuandika programu, na hata kwa ile mashine anasema angeweza kuandika nyingine ya kufungua vyumba. Akatabasamu. Akasema vyumba vitafunguka, ila vitakuwa vitupu.

Nikamwambia mimi sasa ni mzee. Nina maneno mawili tu ya mwanangu, Mayu usi, na miaka yote hii namalizia mwenyewe. Usilie. Usingoje. Usiuze ng'ombe. Usinisamehe. Kila ninapoamka nina neno jingine. Nikamwambia mashine nimeiua mimi, lakini aliyegonga vile vitufe ni wewe, na kichwa chako hakijawahi kumpoteza mtu.

"Unayajua," nikasema.

"Nayajua yote."

"Basi niambie. Shija hawezi kurudi kumalizia. Nisikie hata hilo neno moja, halafu nikafie kwangu."

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Nilingoja. Nikadhani safari hii.

"Cha mtu sikitoi mpaka mwenyewe anitume."